Bibi Yangu Si Mbu

Harusi ilikuwa ya binti wa jirani, Kwaluguru, mwezi wa tisa, mahindi yameshavunwa na watu wana hela kidogo mfukoni. Dijei alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba: spika mbili, jenereta nyuma ya nyumba, kompyuta iliyopasuka kioo pembeni. Kama saa tano usiku, singeli imeshawatimulia vijana vumbi mpaka magotini, akaingiza sauti ya mwanamke. Nyembamba, ya kasi, kama ya mtoto anayelilia puani. Uwanja ukalipuka. Mimi niliganda, maana maneno yalikuwa ya Kizigua na nilimjua aliyeyaimba.

Bibi alikuwa mkekani na wenzake, kanga begani, amenyoosha miguu. Alitega sikio kidogo, kisha akauliza, "Huyo mbu kajifunzia wapi wimbo wangu?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

Miezi minne kabla nilikuwa nimemrekodi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Ni wimbo wa kumsindikiza bibi harusi, ambao zamani ulikuwa ukianzishwa na mdogo wake, na mdogo wake alipofariki ukabaki kwake. Nilikuwa na fomu ya ridhaa. Nilimsomea, nikamfafanulia, akaweka dole gumba. Fomu ilisema sauti itatumika kwa utafiti tu. Jioni ile simu yangu ilikuwa imejaa, nikamwomba binamu anihifadhie faili kwenye kompyuta yake. Kwa hiyo hakuna aliyeiba kitu. Mimi ndiye niliyetoa.

Niliporudi chuoni niliwasimulia wenzangu, nusu kwa kuchekesha. Mmoja akasema hakuna cha kujadili hapo: dijei hakutunga lolote, amechukua wimbo wa mtu na biti ya mtu, akabandika. Nilitaka kumjibu palepale, sikuwa na jibu. Haya ni majibu niliyokusanya baadaye, na hayajanisafisha.

Kitu alichofanya binamu kinaitwa mashapu: unachukua rekodi mbili ambazo hazikujuana, kwa kawaida sauti ya mmoja na ala za mwingine, unazipandisha moja juu ya nyingine mpaka zikubaliane. Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 2004, Danger Mouse alipochukua sauti ya Jay-Z kutoka The Black Album na kuiweka juu ya vipande vya ile albamu nyeupe ya The Beatles ya mwaka 1968, akaiita The Grey Album. Kampuni ya EMI ikamwandikia aache kuisambaza. Tarehe 24 Februari mwaka huo tovuti nyingi ziliiweka hewani bure kwa siku moja, kwa makusudi, kupinga. Tangu hapo mjadala umekwama kwenye swali la nani mwenye mali. Ni swali zuri, nitalirudia. Lakini linalipita swali jingine, kwamba kwa nini sauti fulani inakaa juu ya biti fulani na haikai juu ya nyingine elfu moja, na nani huisikia kabla haijawapo.

Kwetu Tanzania simulizi ninayoipenda zaidi inaanza na besi. Mwaka 1981 kundi la Queen na David Bowie walirekodi "Under Pressure" huko Montreux, Uswisi. Mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Mwaka 1990 Vanilla Ice wa Marekani akaichukua besi ya wimbo ule bila kuwatambua wenyewe, akachana juu yake, na "Ice Ice Baby" ikafika kileleni mwa chati za Marekani. Baadaye ilibidi walipane na wenyewe watambuliwe. Mwaka 1991, Dar es Salaam, kijana Saleh Jabir akauvua wimbo huohuo maneno yake ya Kiingereza, akauvisha ya Kiswahili, na kushinda nao shindano la Yo Rap Bonanza. Wengi wanaoandika historia ya rap ya Kiswahili hawampiti Saleh Jabir. Sasa hesabu mwenyewe: besi inayomsindikiza mtoto wa Unguja inatoka Uswisi, inapita Marekani, inatua Dar, kilomita sabini na kitu tu za bahari kutoka alikozaliwa. Sidhani kama kuna mtu pale ukumbini aliyekuwa akiliwaza hilo. Walikuwa wanasikia Kiswahili kikikaa mahali ambapo walikuwa wameambiwa hakiwezi kukaa.

Mwenzangu angesema hiyo ni tafsiri, na kutafsiri ni kuiga kwa adabu. Basi twende Mombasa.

Ustadhi Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki 2014, alijulikana pwani nzima kwa taarabu yenye ladha ya Kihindi. Sehemu kubwa ya nyimbo zake zilipanda kwenye tuni za filamu za Bombay. Watu walikuwa wakitoka sinema na tuni kichwani, na baada ya muda wakaisikia harusini, sasa ina shairi la Kimvita ndani yake. Mashairi mengi alitungiwa na jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir. Nani anaweza kusema Ahmad Nassir alikuwa akibandika? Jaribu mwenyewe. Tuni ya Kihindi imekatwa kwa ajili ya lugha nyingine, vokali zake ndefu na fupi zimepangwa kwa utaratibu wake. Shairi la Kiswahili lina mizani na vina, na kina kinataka kutua mahali ambapo sikio linakingoja. Kuvipatanisha viwili hivyo bila kuvunja hata kimoja ni kazi ya fundi anayeunga mbao mbili za miti tofauti. Wanaozijua hizo filamu husikia nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Wasiozijua husikia moja tu, na wanatosheka.

Kabla yake kulikuwa na beni. Wanafunzi wa historia tunakutana nayo kupitia kitabu cha Terence Ranger cha mwaka 1975, na kwa kweli ndicho kilichonifanya nichague ngoma kuwa mada yangu. Miaka ya 1890 vijana wa miji ya pwani ya Kenya walianza kushindana kwa vikundi vilivyochukua tarumbeta, ngoma kubwa, sare, vyeo na gwaride la majeshi ya Wazungu, wakavichanganya na mashindano ya ngoma yaliyokuwapo miaka mingi kabla ya Mzungu. Bara la Tanganyika lilipata Marini na Arinoti, wa kwanza wakijiona waungwana, wa pili wakijivunia utukutu. Vita Kuu ya Kwanza ilivisambaza, maana askari na wapagazi walitembea navyo. Maofisa wa kikoloni walivitazama kwa namna mbili zisizopatana: mara ni kuiga kwa kitoto, mara ni njama ya hatari. Ranger aliona kitu cha tatu, yaani watu waliokuwa wakichukua alama za wenye nguvu na kuzipangia kazi nyingine. Mwenzangu na maofisa wale wangeelewana kwenye lile la kwanza.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mkoa wa Tanga umekuwa na masikio mepesi kiasi hiki. Sehemu ya jibu ni mkonge. Mmea wenyewe si wa huku. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida kupitia Hamburg, na katika miche 1,000 ni 62 tu iliyofika hai. Miche ile ikazaa mashamba kuanzia Pangani hadi Korogwe na kwingineko, na mashamba yakahitaji mikono ambayo Wazigua, Wasambaa na Wabondei hawakuwa tayari kuitoa kwa ujira ule. Wakaletwa manamba: Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde kutoka Msumbiji, watu wa Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Kwenye kambi za mkonge kama za Ngombezi na Hale, ukuta mmoja ulitenganisha nyimbo mbili zisizojuana. Babu yangu alifanya kazi huko miaka michache. Alirudi na magonjwa ya kifua na nyimbo ambazo hakujua maana ya maneno yake, akiziimba kwa namna yake akiwa analima. Sijui kama hiyo ni mashapu. Najua bibi alikuwa akimkejeli kwa hilo mpaka alipokufa.

Na Tanga mjini, miaka ya 1960 na 1970, Black Star Musical Club na Lucky Star waliifanya taarabu kitu kingine. Waliweka magitaa ya umeme na besi, wakaipa mwendo uliokuwa karibu na dansi, huku Shakila Said akiimba kwa utulivu ambao haukutaka kushindana na ala. Vijana wengi wanaosema singeli imeiharibu taarabu hawajui kwamba taarabu wanayoitetea nayo iliwahi kuwa uharibifu wa mtu.

Singeli sasa. Imetoka uswahilini Dar es Salaam: Manzese, Tandale, Mburahati. Nyuma yake kuna mchiriku, uliokuwa na vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye spika za tarumbeta mpaka vikakwaruza, juu ya ngoma zilizotokana na za Wazaramo. Kundi la Jagwa Music limekuwa likiupiga tangu miaka ya 1990. Kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, madijei walikuwa na taarabu ya kisasa mkononi. Wakagundua kwamba kipande cha kinanda mahali wimbo unapochangamka, ukikikata, ukikizungusha na kukiongeza kasi, hakimruhusu mtu kukaa. Wachanaji wakapanda juu yake. Mapigo yanaanzia kama 200 kwa dakika na yanaweza kukaribia 300. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko Sounds of Sisso, kutoka studio moja ya Mburahati, na muziki uliokuwa ukiitwa wa wahuni ukaanza kupigiwa Wazungu kwenye matamasha ya Ulaya. Yaani singeli ilizaliwa kama mashapu, wimbo wa mtu mmoja ukiwa kiti cha mtu mwingine. Haikujificha na wala haikuomba radhi.

Kwa hiyo binamu yangu hakuzua. Alikuwa na ukoo mrefu nyuma yake. Jibu langu kwa mwenzangu ni kwamba kinachotungwa katika mashapu ni mkutano wenyewe: wapi sauti iingie, ikatwe wapi, nini kinyamazishwe ili kingine kisikike. Nyingi ni takataka, nakiri. Mtu anapata programu ya bure, anapandisha kasida juu ya amapiano, anacheka, anatuma kwenye magrupu. Lakini hata mashairi mengi ni takataka, na hatusemi ushairi si sanaa.

Ila ukikubali kwamba sanaa iko kwenye kiungo, huwezi tena kusema lawama ziko kwingine. Kukata ni kutunga. Aliyekata anawajibika kwa alichokikata.

Asubuhi ya baada ya harusi bibi aliniita. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nikae. Huwa ananiita mke mwenzake, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu. Siku hiyo aliniita kwa jina langu.

Nilidhani atalalamika kuhusu ruhusa, nikawa nimejiandaa na fomu kichwani. Hakuitaja fomu. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, sauti. Alisema amezeeka kwa kazi na sauti yake imekuwa nzito kwa haki, mtu asimrudishe utotoni bila kumuuliza. La pili lilikuwa beti la mwisho. Wimbo ule una beti la mwisho ambamo mwimbaji anamtaja aliyemwachia wimbo. Bibi huwa anamtaja mdogo wake. Kwenye mchanganyiko wa binamu beti hilo halikuwapo.

"Wameniimbisha," alisema, "halafu wamemtoa mwenye wimbo."

Nilimtafuta binamu, nikamkuta chini ya mwembe anachomelea waya wa spika. Sababu yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Kwenye beti la mwisho jogoo aliwika na bibi akakohoa, kwa hiyo alilikata, akazungusha kiitikio. Sikuwa nimemwambia maana ya beti lile, na yeye Kizigua chake ni cha sokoni. Tasnifu yangu ina ukurasa mzima juu ya kumtaja marehemu katika nyimbo hizi. Niliuandika kwa fahari, kisha nikampa mtu faili bila kumwambia sentensi hata moja ya ukurasa ule.

Hapa ndipo nilipokwenda kuisoma sheria, kama mtu anayetafuta adhabu yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimtazami mtunzi peke yake. Inampa haki mtumbuizaji pia, yaani aliyeimba hata kama hakutunga, juu ya kurekodiwa kwa alichokiimba. Ina sehemu pia inayolinda sanaa za jadi zisitumiwe kibiashara kiholela. Kwa maandishi, bibi yangu amekingwa kuliko alivyokuwa Freddie Mercury na wenzake siku Vanilla Ice alipoichukua ile besi. Kwa vitendo, hakuna mtu wa Kwaluguru atakayepanda basi kwenda mjini kushtaki mjukuu wake kwa sababu ya jogoo. Sheria imeandikwa kwa ajili ya watu wasiofahamiana. Aliyeuharibu wimbo wa bibi ni yuleyule anayemchotea maji.

Kilichosaidia kilikuwa hesabu. Binamu alikuwa ameipima rekodi: ngoma ya akina bibi ilikuwa inakwenda kwenye mapigo 110 hivi kwa dakika, na singeli yake ilikuwa 220. Kwa hiyo aliikimbiza rekodi mara mbili, na kwa vile hakuiambia programu ishikilie sauti mahali pake, ikapanda oktavu nzima. Ndiyo mbu. Nikamuuliza kwa nini anamkimbiza bibi wakati 110 ni nusu kamili ya 220. Aliniangalia. Kisha akaanza kugonga meza, mkono mmoja ngoma, mwingine singeli, akikosea na kurudia.

Nitaeleza, kwa sababu ndipo nilipouelewa ufundi wenyewe. Ukimwacha bibi kwenye mwendo wake, kila hatua moja yake inapita singeli mapigo mawili. Lakini ngoma ile ndani ya kila hatua ina migongo mitatu midogo. Tatu za wazee juu ya mbili za vijana, zinaachana na kukutana, zinaachana na kukutana, na kila zinapokutana ni pale bibi anapokanyaga. Singeli inakimbia chini, bibi anatembea juu. Hakuna anayemsubiri mwenzake na hakuna anayemwacha. Ukisikiliza kwa mguu unacheza singeli, ukisikiliza kwa bega unacheza ngoma. Mkutano huo ulikuwamo tayari kwenye namba, kabla ya sisi wawili kuzaliwa, na binamu ndiye aliyeutoa nje. Nani anasema hajatunga?

Alifanya kazi siku tatu, akinunua mafuta ya jenereta kwa hela yake. Beti la mwisho akalirudisha. Pale lilipo alizima singeli yote, akabakiza kikohozi, jogoo, na jina.

Tulimpelekea bibi jioni. Binamu alimshikia simu sikioni, maana spika ingeita watoto. Alisikiliza wimbo wote, dakika nne na kitu, macho kwenye ukuta. Lilipofika jina midomo yake ilisogea. Alipomaliza aliuliza kama wanaweza kuipunguza hiyo makelele ya chini. Binamu akasema, bibi, hiyo ndiyo singeli yenyewe. Bibi akasema haya. Halafu akaniuliza mimi kwa nini sikusema mapema kwamba sauti yake inaweza kutembea hivyo, angeimba vizuri zaidi siku ile, na asingekunywa chai ya moto kwanza.

"Na yule mbu," akauliza, "mmemfuta?"

Binamu alinitazama. Kwenye kompyuta alikuwa amemfuta, kweli. Lakini usiku ule wa harusi watu walikuwa wamemrekodi kwa simu, na yeye mwenyewe alikuwa ameshamtuma kwenye grupu la madijei wa Handeni na Korogwe kabla hajajua lolote. Nikamwambia bibi ukweli. Alichukua muda, akavuta kanga yake, akaniuliza ni watu wangapi. Nikasema hatujui.

Wiki mbili baadaye nilikuwa stendi ya Korogwe nangoja basi la kurudi chuoni. Bodaboda mmoja aliegesha karibu yangu, spika ndogo imefungwa kwenye usukani, na mbu akaanza kuimba. Nilimfuata, nikamuuliza wimbo huo ameupata wapi. Akasema kwa rafiki. Nikamuuliza kama ningeweza kumpa toleo jingine, refu zaidi. Akatoa simu yake, akafungua mlango wa kupokea faili, na tukasimama pale juani tukiingoja asilimia ifike mia.